Capoeira ya Eddy Gordo ina ukweli kiasi gani?

Mdogo wangu, umeuliza kama kumtumia Eddy Gordo, mhusika wa gemu ya mapigano ya Tekken, kunaweza kukufundisha capoeira, sanaa ya mapigano ya Brazili. Mateke yenyewe ni ya kweli: kwa Tekken 3 ya mwaka 1997, miondoko yake ilinakiliwa kutoka kwa mwalimu halisi wa capoeira, Marcelo Pereira. Ule mwendo wa kuyumba huku na huku kabla ya kurusha teke ndio ginga, msingi wa sanaa yote.

Kinachopotea ni kuelewana kwa wachezaji wawili. Kwenye roda, duara la watu wanaoimba na kupiga makofi, berimbau, ala ya muziki yenye uzi mmoja, ndiyo huamua kasi, na teke zuri mara nyingi ni lile lisilomgusa mwenzako. Unamwonyesha tu kwamba ungeweza. Gemu haina nafasi ya hilo, maana lazima mmoja aishiwe nguvu na aanguke. Sanaa iliyozaliwa na Waafrika waliofanywa watumwa Brazili inastahili zaidi ya kubonyeza vitufe ovyo.

Tafuta mwalimu. Anza na ginga na kukwepa, taratibu, kwa wiki nyingi. Kusimama kwa mikono kutakuja baadaye, vifundo vya mikono vikishazoea uzito wako.