Usiliamini sikio lako mapema: kwa wanaoanza fonetiki

Wewe unayeanza fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, mwaka huu, kitu cha kwanza utakachokabidhiwa ni jedwali la konsonanti: vipasuo (kama *p* na *d*), vikwamizi (*f*, *s*), nazali (*m*, *n*), kitambaza (*l*), kimadende (*r*), ghuna (zinazotetemesha nyuzi sauti) na si ghuna. Wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani na likaishia hapo. Nakusihi ulishike. Kadiri ninavyozidi kufundisha na kupima sauti ndivyo ninavyozidi kuona kwamba jedwali lile liko karibu na kazi ya ubongo kuliko herufi tunazoandikia.

Kabla hujasoma nadharia yoyote, pakua Praat, programu ya bure waliyoitengeneza Paul Boersma na David Weenink kule Amsterdam. Jirekodi ukisema *di*, kisha *du*. Fungua spektogramu, yaani picha inayoonyesha masafa ya sauti kadiri muda unavyopita, utazame utepe mweusi wa pili kutoka chini, yaani fomanti ya pili (fomanti ni masafa ambayo nguvu ya sauti hukusanyika). Kwenye *di* unapanda kuelekea irabu, kwenye *du* unashuka. Sasa jaribu kuikata *d* ibaki peke yake. Kata hapa, kata pale, utapata ama *d* iliyokwisha kubeba sehemu ya irabu, ama kelele isiyo *d* wala chochote. Alvin Liberman na wenzake wa Haskins Laboratories, Marekani, walifika hapohapo wakiwa na sauti walizounda kwa mashine. Walipoicheza ile mipando na mishuko peke yake, wasikilizaji walisikia miluzi mifupi, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Ukiirudisha mahali pake, wote wanasikia *d* moja.

Kaa na jambo hilo siku kadhaa, usilipite haraka. Sauti hazitoki mdomoni kwa foleni. Jitazame kwenye kioo unapojiandaa kusema *du*: midomo imeshaviringana kabla ulimi haujaachia *d*. Kwa mwendo wa kawaida mtu hutoa sauti kumi hadi kumi na tano kwa sekunde, zote zikiwa zimeingiliana. Koklea, kiungo cha sikio la ndani, huyachambua mawimbi kwa masafa yake, neva zikayapeleka hadi kwenye gamba la ubongo, pande zote mbili, juu kidogo ya masikio. Hakuna kituo njiani ambapo herufi zinapokelewa zikiwa tayari zimetenganishwa.

Kinachopokelewa huko juu tulianza kukiona vizuri mwaka 2014, pale Nima Mesgarani, Edward Chang na wenzao walipochapisha matokeo kutoka San Francisco. Wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakiandaliwa kwa upasuaji walikuwa na elektrodi juu ya ubongo wao kwa sababu za tiba, nao wakasikilizishwa sentensi. Sehemu moja iliitikia vipasuo kwa ujumla, nyingine vikwamizi, nyingine nazali. Haikuonekana sehemu ya *b* peke yake wala ya *s* peke yake. Ubongo ulikuwa unapanga kwa sifa bainifu, yaani namna sauti zinavyotamkwa. Ndiyo maana nakuambia jedwali lile si la mtihani tu. Vitabu vya utangulizi vitakupa Broca wa 1861 na Wernicke wa 1874, madaktari waliohusisha sehemu fulani za ubongo na lugha. Wasome, wanastahili, ila usiishie kwao.

Sasa tuje kwenye kazi ya uwandani, maana ndipo sikio linapowaponza wengi. Ubongo hauzisikii tofauti zote kwa uzito mmoja. Chukua muda unaopita kati ya midomo kuachana na nyuzi sauti kuanza kutetema. Kwa wasemaji wa Kiingereza mpaka wa *b* na *p* uko kwenye milisekunde 25 hivi. Sauti ya milisekunde 0 na ya 20 zote kwao ni *b*. Ya 20 na ya 40 husikika kama sauti mbili, ingawa pengo ni lilelile. Kila lugha huuweka mpaka inapoutaka. Mzee wa Lamu au Mombasa akitaja paa la nyumba, *p* yake haina mpumuo, yaani pumzi inayotoka midomo inapoachana. Akitaja paa wa porini, ina mpumuo. Aliyekulia bara mara nyingi husikia *p* moja, akaandika katika daftari lake kwamba hakuna tofauti. Kwa hiyo pima kwanza, andika namba, ndipo uamue.

Na usimpe mwenzako maandishi kabla hajasikiliza rekodi. Mwaka 1970 Richard Warren aliondoa sauti moja katika neno la Kiingereza akaweka kikohozi badala yake. Kati ya wasikilizaji 20, 19 walisema hakuna kilichokosekana, na yule mmoja alitaja sauti ambayo siyo. Ubongo unaolijua neno hulikamilisha, nawe utaapa kwamba umeisikia. Unapofanya unukuzi, yaani kuandika sauti kama zinavyosikika, wa maneno usiyoyafahamu vizuri, washirikishe watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe.

La mwisho ni kwa mtakaokwenda kufundisha. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wachanga wa familia za Kiingereza, wenye miezi 6 hadi 8, hutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa kwao huzichanganya. Kufikia miezi 10 hadi 12 uwezo huo umepungua sana. Basi mwanafunzi anayeandika *kura* akimaanisha *kula*, kwa kuwa lugha ya nyumbani haitenganishi *l* na *r*, si mzembe, na kumcheka darasani ni kumwonea. Kumrudishia neno lilelile kwa sauti yako kali hakumsaidii. Utafiti uliofanywa kwa Wajapani waliokuwa wakijifunza *r* na *l* za Kiingereza, uliochapishwa 1991, ulionyesha kwamba mazoezi husaidia hata watu wazima, hasa wakisikilizishwa wasemaji mbalimbali na kuelezwa papo hapo kama wamepatia. Rekodi maneno ya jozi kama hizo kwa sauti za watu watano au sita, wake kwa waume, *l* na *r* zikae mwanzoni na katikati ya neno, umpe dakika chache kila siku, na umjulishe jibu kila mara.