Farasi wa Kilatini alipotelea wapi kwenye Kifaransa?

SWALI: Nasoma Kifaransa chuoni, na Kihispania najifundisha mwenyewe. Vitabu vyote vinasema lugha hizi zimetokana na Kilatini. Lakini kwenye kamusi ya Kilatini farasi ni "equus", ilhali Kifaransa ni "cheval" na Kihispania "caballo". Nifuate njia gani kuunganisha maneno haya bila kubahatisha? Na kwa nini Uingereza, iliyotawaliwa na Roma zaidi ya miaka 350, haina lugha ya ukoo huu, wakati Romania inayo?

JIBU: Kamusi uliyonayo ni ya Kilatini cha waandishi. Lugha za Kirumi, yaani Kifaransa, Kihispania na ndugu zao, zimetokana na Kilatini cha kambini, sokoni na mashambani, kilichosambazwa na askari, wafanyabiashara na walowezi: Hispania kuanzia mwaka 218 KK, Gaul (Ufaransa ya leo) baada ya Julius Caesar kuiteka kati ya 58 na 50 KK. Katika usemi huo "equus" lilirudi nyuma, na "caballus", lililoanza kama jina la farasi wa kazi, likashika nafasi yake. Kiitaliano wanasema "cavallo", Kireno "cavalo", Kiromania "cal". Jike lake ndiye aliyenusurika: "equa" yumo hadi leo katika "yegua" ya Kihispania na "iapă" ya Kiromania.

Ipo orodha ya zamani iitwayo Appendix Probi, ambamo mwalimu anasahihisha makosa zaidi ya 200 ya wasemaji wa wakati wake. Mstari mmoja unasema "mensa non mesa", yaani sema "mensa", usiseme "mesa". Hakusikilizwa. Kireno na Kihispania ni "mesa" mpaka kesho, na Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, ndio waliotuletea "meza" tunayolia chakula.

Sasa njia yenyewe. Usianze na umbo linaloongoza kwenye kamusi, kwa sababu nomino nyingi zilirithiwa katika umbo la yambwa, yaani lile la kitu kinachotendwa. Kamusi ikiandika "nox, noctis", ondoa -is, weka -em, upate "noctem". Kisha dondosha m ya mwisho, maana kwenye usemi ilikuwa imekwisha kufa. Unabaki na "nocte". Ukianza na "nox" hutafika popote. Halafu tafuta silabi yenye mkazo, kwani hiyo ndiyo inayodumu, hasa Kifaransa, ambacho hukata karibu kila kinachoifuata.

Hatua ya mwisho ni kanuni za sauti, na hapo ndipo penye utamu. Chukua ct. Kifaransa na Kireno huigeuza it (nuit, noite), Kihispania ch (noche), Kiitaliano tt (notte), Kiromania pt (noapte). Ijaribu kwa maziwa, "lactem": lait, leite, leche, latte, lapte. Kanuni isiyofanya kazi kwa maneno matatu au manne si kanuni, ni bahati tu.

Turudi kwa farasi wako: "caballum", toa m. Kifaransa hugeuza c iliyo mbele ya a kuwa ch, b katikati ya irabu huwa v, a isiyo na mkazo hufifia kuwa e, na u ya mwisho hudondoka. Umepata "cheval". Vivyo hivyo "cantare" likawa "chanter", na "capra" (mbuzi) likawa "chèvre".

Wengi hukwama kwenye maneno yanayofanana na Kilatini kupita kiasi. Kifaransa kina "chose" (kitu) na "cause" (sababu), yote kutoka "causa". La kwanza limerithiwa mdomo kwa mdomo, la pili wasomi walilichota vitabuni baadaye, ndiyo maana c yake haikuguswa. "Chevalier" ni mzaliwa, "cavalier" alitoka Italia. Kwa hiyo ukiona neno la Kifaransa lenye ca- safi, lishuku kwanza kuwa limeazimwa. Na mengine hayana Kilatini kabisa: "guerre" na "guerra" (vita) yana asili ya Kijerumani cha kale, yakalisukuma nje "bellum". Usipoteze jioni nzima kulazimisha.

Kuhusu Uingereza, miaka ya utawala si kipimo kizuri. Roma ilikaa huko tangu 43 hadi karibu 410, lakini Kilatini kilishika zaidi mijini na kambini, vijijini wakaendelea na lugha zao za Kikelti. Miji ilipodorora na Waanglo-Saksoni kuingia, hakukuwa na wasemaji wa kutosha wa kukibeba. Dacia, ambayo ni sehemu ya Romania ya leo, ilitekwa na Trajan, kaisari wa Roma, mwaka 106 na kuachwa miaka ya 270, lakini ilijazwa walowezi kutoka pande nyingi za dola, na kusini ya mto Danube Kilatini kiliendelea kusemwa muda mrefu zaidi. Kama mababu wa Waromania walibaki kaskazini ya mto au walivuka baadaye kutoka kusini, wanahistoria bado wanavutana, na siasa za Romania na Hungaria huchochea mvutano huo. Ukisoma juu yake, angalia kwanza mwandishi ametokea upande gani wa mpaka.