Juliet awe moto tangu mwanzo? Mi nilifanya hivyo hapa Mtwara, baba yake akatunzwa

Mkuu wa Lindi unayetaka kuipandisha Romeo na Juliet ya Shakespeare jukwaani, hapo ulipoandika "binti anayecheza Juliet nataka awe moto tangu anaingia jukwaani, watu wajue huyu si wa kuonewa" nimeweka chai chini. ACHA. Hiyo njia nimeipita kwa miguu yangu na makovu ninayo.

Kikundi chetu kilikuwa na watu 11 na jenereta moja bovu. Mi ndo nilikuwa Juliet (nina miaka 26 nacheza mtoto ambaye hata 14 hajafikisha, ila hilo tuliache). Akaja mwezeshaji kutoka Dar, semina siku mbili, tukamlipa 480,000 ukijumlisha na gesti, hela tulizochangishana msimu wa korosho. Akatwambia shujaa wa kike hapigi magoti, Juliet asionekane mnyonge hata dakika moja. Tukaandika kwenye madaftari kama darasa la pili. Akala pweza wetu, akapanda basi, na mpaka leo nikimpigia yupo kwenye kikao. Kikao gani hicho hakiishi, wanagawana Afrika upya?

Basi siku ya onyesho. Ile sini mama anamwita bintiye kumweleza habari za kuolewa na Paris, bwana anayemposa. Ukisoma Shakespeare alivyoandika, Juliet pale anafungua mdomo mara tano tu, tena kwa ufupi: nani ananiita, nipo mama unasemaje, yaya nyamaza basi, ndoa ni heshima ambayo hata kuiota sijaiota, na mwisho anasema huyo bwana atamtazama ila jicho lake halitavuka ruhusa ya mama. Mtoto kalelewa akaleleka. Mi nikaingia mikono kiunoni. Mama kaniita, nikajibu "UNASEMAJE?" halafu nikasonya, msonyo mrefu umefika mpaka kwa wauza karanga mlangoni. Bibi mmoja viti vya mbele akasema kwa sauti "huyu hana adabu, mwozesheni aondoke", ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mi kwa ujinga wangu nikajua ni sifa.

Balaa likaja kwenye sini ya baba. Romeo kashamuua Tybalt, binamu yake Juliet, kafukuzwa mji wao wa Verona, na Juliet ni mkewe kwa siri tangu jana yake, sasa baba anataka Alhamisi aolewe na Paris. Binti anapiga magoti anaomba asikilizwe neno moja tu, baba anamwambia kama hutaki kajinyonge, kaombe, ufe njaa barabarani. Pale ndo mtazamaji anatakiwa aumie mpaka ashike kifua. Watu wakapiga makofi. Wakampigia BABA makofi! Jamaa mmoja akapanda jukwaani kumtunza, kambandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, mi niko chini nalia machozi ya kweli, tena si ya Juliet, ni yangu. Watu walishanichoka tangu ule msonyo, walikuwa wanasubiri tu nani atanikomesha.

Nilikaa ndani wiki nzima. Nikarudi kusoma, safari hii peke yangu bila semina ya mtu. Kumbe hadithi Shakespeare aliitoa kwenye shairi la Arthur Brooke la 1562, na mule binti anakaribia miaka 16 na mambo yanaenda miezi kadhaa. Shakespeare kamshusha chini ya 14, kisha kabana kila kitu kwenye siku zisizofika wiki. Jumapili anasema "abee mama", Alhamisi usiku yuko kaburini na kisu mkononi. Sasa hiyo abee ya Jumapili ukiitoa, mtazamaji atajuaje mtoto katembea umbali gani?

Halafu ukaidi wake wala si kelele mkuu, hapa ndo nilipoliwa. Baba kashamtukana, mama kamwambia nimemalizana na wewe, amebaki yaya aliyemnyonyesha. Dada aliyecheza yaya nilimwambia wewe usijione mfanyakazi wa ndani, jione somo wake, ndo umemfunda, siri zake zote unazo. Sasa huyo somo anamwambia olewa tu na Paris, Romeo ni tambara la kuoshea vyombo. Juliet anajibu taratibu kwamba umenifariji sana, hebu nenda kamwambie mama naenda kutubu kwa padri. Yaya anaondoka kafurahi, mlango ukifungwa tu binti anamlaani na kusema siri zangu huzijui tena kuanzia leo. Ukubwa kaupatia hapo, kwa sauti ya chini.

Akirudi kutoka kwa padri anapiga magoti kwa baba tena, nisamehe, kuanzia leo wewe ndo wa kuniamuru. Uongo mtupu! Dawa ya padri anayo tayari, ile ya kumlaza aonekane kafa asiolewe, sisi tuliificha kwenye pindo la kanga. Na baba anafurahi mpaka anaivuta harusi kutoka Alhamisi kuja Jumatano, kwa hiyo ule utii wa uongo unazidi kumkaba mwenyewe.

Ndo maana nasema ABEE MBILI, mengine yote baadaye. Abee ya kwanza iwe ya kweli, laini, ya mtoto asiyejua kitu. Ya pili iwe hiyo hiyo, sauti ile ile, goti lile lile, usimruhusu hata kukonyeza watazamaji. Onyesho la pili tulipeleka Mikindani nikafanya hivyo, nilipopiga goti la pili ukumbi kimya, nikasikia mtoto anamnong'oneza mama yake, "mama, ana dawa kwenye kanga". Noti sikupata hata moja siku hiyo, ila nililala.

Uliuliza pia mavazi na namna ya kulikata liwe la saa moja, eti eeh? Wengine watakujibu, simu yangu chaji imebaki 4 na umeme wetu mnaujua. We leo jioni mwite huyo binti jina lake kwa ghafla akiwa anafanya mambo yake, akiitika abee mrekodi voisi uiweke hapa tuisikie.