Maswali yenu: Kujifunza skii kwa mara ya kwanza

Desemba inakaribia, na wasomaji kadhaa wanaosafiri kwenda kuwaona jamaa zao Ulaya wameniandikia kuhusu skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa vibao virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni, navyo huitwa skii. Wengi wao hawajawahi kukanyaga theluji.

Mpwa wangu anaishi Austria na anasema atanifundisha mwenyewe, nisipoteze pesa kwa mwalimu. Nikubali? (Mama, Lang'ata)

Mshukuru sana, dada, halafu mlipe mwalimu, hata kama ni kwa siku ya kwanza tu. Mpwa wako anaujua mlima, lakini hofu ya anayeanza alishaisahau. Jamaa husema "twende tu, utazoea", na kabla ya saa sita mchana mgeni yuko juu ya mteremko ambao hawezi kuushuka.

Mwalimu mzuri ataanza mahali tambarare. Atakuvisha skii mguu mmoja, utembee nayo, uteleze kidogo. Kisha atakufundisha kusimama kabla hajakufundisha kushuka. Unakaribianisha ncha za mbele bila kuzipandanisha na kusukuma visigino nje, mpaka skii zikae kama kipande cha pizza. Ukizidi kusukuma visigino, mwendo unapungua mpaka unasimama. Ukitaka kukata kona, egemea mguu wa kulia nawe utaelekea kushoto, na kinyume chake.

Shida kubwa ni woga. Mteremko ukianza kukuvuta, mwili unakimbilia nyuma, na uzito ukihamia nyuma, ncha za skii zinakuwa nyepesi na haziongozeki tena. Kwa hiyo kunja magoti, miundi ibonyeze ulimi wa buti, mikono ikae mbele mahali unapoiona, na macho yatazame unakokwenda, si miguuni. Kuegemea mbele kwenye mteremko kunaonekana wazimu, najua. Lakini ndiko kunakokupa usukani.

Ninunue vifaa Gikomba au nikodishe huko huko? (Kijana, Umoja)

Gikomba tafuta koti na suruali zisizopitisha maji, pamoja na glavu nene. Jinzi iache nyumbani. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hushika jasho, nawe ukisimama kidogo tu unaganda.

Buti, skii na helmeti kodisha. Ukivaa buti na kusimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, virudi nyuma. Vaa jozi moja tu ya soksi ndefu. Ukiongeza ya pili, soksi zitajikunja na kukuchubua.

Na tafadhali, fundi akikuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako, mwambie ukweli. Kwa hayo ndiyo anakaza vile vishikizo vinavyounganisha buti na skii. Vinapaswa kufunguka ukianguka vibaya. Mtu anayejisifu kuwa mzoefu anakaziwa kupita kiasi, na akianguka, mguu unabaki umenaswa na goti ndilo linaloumia.

Mlima Kenya si una theluji? Kwa nini tusafiri mbali? (Msomaji, Ruiru)

Barafu iliyobaki kule juu ni kidogo na inazidi kuyeyuka, na hakuna miteremko iliyotengwa wala lifti za kupandisha watu mlimani. Afrika ina Afriski kule Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambayo msimu wake ni Juni hadi Agosti, na Oukaïmeden nchini Morocco, si mbali na Marrakech. Dubai wana mteremko wa ndani ya jengo tangu 2005, mahali pazuri pa kujaribu ukiwa unapita.

Nina miaka 52. Nimechelewa? Na miguu niiandaeje nikiwa hapa Nairobi? (Mwalimu, Kahawa West)

Hujachelewa, mwalimu. Magoti yakikusumbua, muone daktari kwanza. Kisha panda ngazi badala ya lifti, na uegemeze mgongo ukutani ukiwa umekaa bila kiti mpaka mapaja yawake. Mapaja ndiyo yanayochoka kwanza. Watu wengi huanguka alasiri, miguu ikiwa imeisha nguvu, kwa hiyo siku ya kwanza acha mapema.

Mkumbuke pia Philip Boit, mkimbiaji wetu aliyeanza skii akiwa mtu mzima na kushiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, mbio za kilomita 10. Yake ilikuwa skii ya masafa, ambapo kisigino huinuka, si ya kushuka milima. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Miaka 20 baadaye Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya, akashuka miteremko kwenye Olimpiki ya Pyeongchang akiwa na bendera yetu.

Naogopa kugongana na watu. Sheria ikoje? (Mwanafunzi, Juja)

Aliye chini yako ndiye mwenye njia. Wewe unayetoka juu unamwona, yeye hakuoni, kwa hiyo kumkwepa ni kazi yako. Usisimame katikati ya njia wala nyuma ya kilima. Simama pembeni, na kabla ya kuondoka tena tazama juu.

Ukihisi unaanguka, kaa chini kwa ubavu, upande wa mlimani. Kuinuka, laza skii zikatize mteremko, zikiwa upande wako wa chini, ndipo usukume kwa mkono. Zikielekea bondeni, zitaondoka nawe kabla hujasimama.