Kadi ya Kaizari: tazama kiti kabla ya kumtazama aliyekikalia

Kadi ya Kaizari ikitoka, watu huitikia kwa namna mbili. Kuna anayefurahi, akidhani amepewa ruhusa ya kuamrisha. Na kuna anayekunja uso kwa sababu amemkumbuka baba yake, au bosi wake. Nimesoma taroti, zile kadi za picha za kupigia ramli, kwa miaka mingi, zaidi kwa ajili yangu mwenyewe na kwa marafiki wanaoniomba, na naona wote wawili humkodolea macho mzee mwenye ndevu nyeupe wakasahau alichokikalia. Ushauri wangu kuhusu kadi hii ni mmoja, na mengine yote yanautegemea: anza na kiti.

Chukua picha inayojulikana zaidi, ya seti iliyotolewa London mwaka 1909 na kampuni ya Rider, Arthur Edward Waite akiibuni na Pamela Colman Smith akiichora. Kaizari ni namba 4 kati ya turufu, yaani zile kadi kubwa za picha. Anakutazama uso kwa uso. Kiti chake cha enzi ni cha jiwe, kikubwa, kimenyooka kila upande, na kimechongwa vichwa vinne vya kondoo dume: viwili juu kwenye egemeo, viwili kwenye ncha za mikono. Mto wa kukalia hakuna. Sasa ilinganishe na kadi iliyomtangulia, Malkia Mkuu, namba 3. Yeye ameegemea mito laini, ngano imeiva miguuni pake, miti imesongamana nyuma, maji yanaporomoka. Nyuma ya Kaizari ni milima mikavu ya rangi ya chungwa, na chini yake kijito chembamba ambacho wengi hawakioni mpaka waonyeshwe kwa kidole. Mkono wa kulia ameshika fimbo yenye umbo la ankh, ishara ya uhai ya Misri ya kale; wa kushoto, tufe la utawala.

Wale kondoo ni alama ya nyota ya Hamali, nyota ya kwanza katika mwaka wa wanajimu, iliyo chini ya sayari ya Mirihi. Ndiyo maana vitabu vingi hukimbilia maneno kama ujasiri, vita, kuanzisha jambo. Sawa, lakini kondoo wale ni wa jiwe. Hawarukii mtu. Nguvu ya kupiga pembe imegeuzwa kuwa sehemu ya fanicha, na kwangu hilo lina maana kuliko moto wa Mirihi wenyewe: hasira imefanywa kuwa kanuni.

Ninapokaa zaidi ni kwenye miguu. Chini ya vazi jekundu la kifalme, Kaizari amevaa deraya ya chuma. Yuko kwake, hakuna adui kwenye picha, mbona hajaivua? Kuna majibu mawili, na sipendi kuchagua kabla ya kumsikiliza mtu aliye mbele yangu. Huenda anaivaa kwa sababu zamu yake haina mwisho, na wengine wanalala kwa kuwa yeye hajalala. Huenda pia anaivaa kwa kuwaogopa hao hao anaowatawala. Picha haibadiliki, lakini aliyeuliza swali huwa anajua ni lipi kati ya hayo mawili linalomhusu. Mara nyingi hujibu kabla sijamaliza sentensi.

Historia ya kadi yenyewe inaniunga mkono kuhusu kiti. Taroti ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, ikiwa ni karata za kuchezea. Habari ya kupiga ramli ilishika kasi Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, baada ya mwandishi Mfaransa Antoine Court de Gébelin kudai mwaka 1781 kwamba kadi hizi zimebeba hekima ya makuhani wa Misri. Dai hilo halina msingi wa kihistoria, ingawa ankh mkononi mwa Kaizari wa Waite inaonyesha lilivyoota mizizi. Lakini rudi kwenye mchezo. Turufu kubwa huila ndogo, na Kaizari ni namba 4 kati ya turufu 21 zenye namba. Papa anamla. Wapenzi wanamla. Hata yule mzee mpweke mwenye taa anamla. Kadi ambayo leo tunaisoma kama kilele cha mamlaka, mezani ilikuwa miongoni mwa turufu dhaifu kabisa.

Wachezaji wa kwanza walilijua hilo vizuri. Kwenye seti ya Visconti-Sforza, iliyochorwa kwa ajili ya watawala wa Milan katikati ya karne ya 15 na ambayo kadi zake leo zimegawanyika, nyingine New York, nyingine Bergamo, Kaizari amevaa kofia pana yenye tai mweusi, alama ya Dola Takatifu ya Kirumi. Cheo cha utawala wa Milan kilitoka kwa mwenye tai huyo: Wenceslaus, mfalme wa Wajerumani aliyeiongoza dola hiyo, alimpa Gian Galeazzo Visconti mwaka 1395. Francesco Sforza alipoutwaa mji mwaka 1450, kibali kama hicho hakukipata. Hebu fikiria mtawala anachanga karata, na mkononi mwake anaibuka yule ambaye hajamtambua. Na kwenye seti za Marseille, za mtindo wa kale wa Ufaransa, Kaizari amechorwa kwa ubavu, miguu imepishana kama namba 4, na kiti ni kama amekiegemea tu.

Kwa hiyo kadi hii ikitoka, siulizi kwanza "mtu gani mwenye nguvu yuko maishani mwako?" Nauliza: kiti kinachozungumziwa hapa ni kipi, nani alikitoa, na mwenye kukikalia anaruhusiwa kufanya nini hasa? Swali linaonekana la kiofisi mno kwa meza ya taroti. Lakini hufungua mambo.

Rafiki yangu mmoja alipandishwa cheo akawa msimamizi wa watu aliokuwa sawa nao. Akaniomba nimsomee kadi tatu, na swali lake lilikuwa kama watamheshimu. Kaizari alitoka katikati, na kulia kwake kadi ya Fimbo Tano, wale vijana watano wanaogombana kwa magongo, kila mmoja na lake. Angeniacha niseme "kaza msimamo" tungemaliza dakika mbili, naye angeondoka na ushauri wa bure usiomfaa. Nikamwuliza anaweza kuidhinisha nini. Likizo? Hapana, bado zilikwenda kwa aliyemtangulia. Ratiba? Hajui. Wenzake walitangaziwa? Waliambiwa juu juu. Kumbe alikuwa amepewa jina la kiti, kiti chenyewe bado kiko stoo. Ugomvi wa Fimbo Tano haukuwa wa utovu wa heshima. Kila mtu alikuwa akikisia mpaka uko wapi. Alikwenda kuomba majukumu yake yaandikwe na yasomwe mbele ya wote. Mmoja wao alinuna na bado amenuna, lakini mabishano ya kila asubuhi yalipungua.

Upande wa pili ni kiti kitupu. Ndugu wanapomuuguza mzazi na kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme neno la mwisho, Kaizari akitoka simwambii mkubwa wao kwamba yeye ndiye. Namwambia aitishe kikao, wakubaliane nani ataamua kuhusu tiba na nani kuhusu fedha, na wengine wakubali kutogeuza kila uamuzi. Atakayechaguliwa anaweza kuwa kitinda mimba. Kadi haina shida na hilo.

Hapo niseme kitu kinachonikera. Mwanamke akivuta Kaizari, wasomaji wengi humwambia mara moja kwamba kuna mwanamume anakuja, au kuna baba anayemzuia. Mwanamume akivuta Malkia Mkuu ni nadra kuambiwa asubiri mwanamke. Huambiwa ana ubunifu. Ukiona msomaji anafanya hivyo, mwulize kwa upole mbona wewe huwezi kuwa ndiye uliyeketi.

Na kuna mahali naziweka kadi kando kabisa. Mtu akija akimwogopa anayeishi naye, anayempiga au kumnyima fedha zake, Kaizari asisomwe kama wito wa kutii wala kama "mlinzi mwenye mapenzi magumu". Picha ya mzee kwenye jiwe haina la kumshauri mtu aliye hatarini. Hapo mazungumzo yanahusu mahali salama na mtu wa kumkimbilia.

Kadi ikitoka kichwa chini miguu juu, vitabu vitakupa ukali wa kidikteta kwenye mstari mmoja na ulegevu kwenye mstari unaofuata, kana kwamba ni kitu kimoja. Nimezoea kutenganisha kwa kuangalia mazungumzo ya watu wanaohusika. Kama mtu mmoja akiingia wengine wananyamaza, mamlaka yamezidi. Kama kila mtu anasema, vikao haviishi, na hakuna kinachofanyika, mamlaka yamepungua. Ukiwa wewe ndiye mwenye kiti, waulize wengine, kwa sababu ukimya wa watu mbele yako ni rahisi kuuona kama makubaliano.

Majirani wa kadi nao wana neno. Kadi ya Sarafu Nne ikikaa karibu, yule mtu aliyekumbatia sarafu kifuani na kuzikanyaga nyingine, natafuta kitu ambacho mwenye mamlaka anakishikilia bila haja: nywila, ufunguo, saini. Papa akikaa karibu, natazama kama uamuzi unategemea mila au taasisi iliyo juu ya wote, maana yeye ana wafuasi wawili wamepiga magoti mbele yake na funguo mbili miguuni, ilhali Kaizari yuko peke yake. Kwa Mnara, kadi ya jengo linalopigwa na radi, sitishi mtu. Nauliza tu kiti kimejengwa juu ya nini.

Lakini jirani ninayemheshimu zaidi ni Kifo. Namba yake ni 13, na wanaopenda kujumlisha watakuonyesha kwamba moja na tatu ni nne. Kwenye seti ya Waite, chini ya farasi mweupe wa Kifo amelala mfalme, taji limeanguka, wakati askofu bado amesimama akiomba na mtoto anatazama. Kadi hizi mbili zikitoka pamoja, mara nyingi mtu huogopa. Mimi humwuliza: kesho usipokuwepo, nani anaijua kazi ya kiti chako kiasi cha kukikalia? Swali linamhusu mwenye duka, mwenyekiti wa chama, na hata mama ambaye peke yake ndiye anayejua hati za nyumba ziko wapi. Kama jina halipatikani, basi hiyo ndiyo kazi ya juma hilo. Mtafute mtu, mpe sehemu ya maamuzi angali anaweza kukuuliza, na mwache akosee mambo madogo ukiwa bado upo.