Mimea ya Ndani Iliyozidishiwa Maji Chini ya Kiyoyozi

Hapa Mombasa ni vigumu kumshawishi mtu kwamba mmea wake unaumwa kwa sababu ya baridi. Hata Julai na Agosti, upepo wa kusi unapokuwa umetuliza joto, usiku wetu huwa wa nyuzi 20 na ushei, kiwango ambacho mimea ya nchi za joto hukistahimili bila taabu. Baridi ninayoizungumzia ni ya mashine: kiyoyozi kinachowekwa kwenye nyuzi 18 au hata 16 na kuachwa kikivuma kutwa, katika maofisi, katika vyumba vya kungojea vya zahanati na katika vyumba vya kulala vya nyumba nyingi za Nyali na Kizingo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitunza mimea ya ofisi ninamofanyia kazi, na jamaa na majirani huniletea yao ikiwa hoi. Karibu kila chungu ninachopokea kina mambo mawili kwa pamoja, udongo uliolowa chepechepe na chumba cha baridi, na ushauri wangu kwa wote ni huo huo: uondoe mmea kwenye baridi kwanza, ndipo ushughulikie maji.

Mizizi hupumua. Huhitaji oksijeni ili ipate nguvu ya kufyonza maji na madini, na oksijeni hiyo huipata katika vijitundu vya hewa vilivyo baina ya chembe za udongo. Maji yakizidi, vijitundu hivyo hujaa, na kwa kuwa oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno kuliko hewani, mizizi hukosa pumzi na kuanza kufa, kisha vimelea kama Pythium na Phytophthora, ambavyo hustawi penye maji yaliyotuama, huingia na kumaliza kazi. Katika joto letu la kawaida mmea wenye afya huweza kujinasua, kwa sababu majani hutoa maji kwa kasi na chungu hukauka upesi. Chini ya kiyoyozi mambo hugeuka: mizizi ya mimea ya tropiki hulegeza kazi yake, na mwanga hafifu wa ofisini, nyuma ya vioo vyeusi na mapazia, hufanya majani yatumie maji kidogo sana. Udongo ambao barazani ungekauka kwa siku chache unaweza kubaki umelowa kwa wiki mbili au zaidi.

Kinachowapotosha watu wengi ni kwamba mmea uliozama katika maji huonyesha dalili za kiu. Majani hulegea, kwa kuwa mizizi iliyooza haiwezi kuyapelekea maji hata ikiwa imezungukwa nayo. Ncha za majani hukauka, kwa kuwa hewa ya kiyoyozi ni kavu. Hewa hiyo hiyo hukausha uso wa udongo ukapauka na kupasuka, hali chini ni tope, na mwenye mmea akitazama juu tu huongeza maji kwa huruma. Kwa hiyo usitazame juu. Chukua kijiti cha mishikaki, kile cha mwanzi, ukididimize hadi chini kabisa ya chungu, karibu na ukingo ili usitoboe mizizi mikubwa, ukiache kwa dakika kumi, kisha ukichomoe taratibu. Kikitoka kikavu, mmea una kiu kweli. Kikitoka cheusi huku kimegandwa na tope, kinuse: harufu ya ardhi iliyonyeshewa haina ubaya, lakini harufu ya mtaro au ya yai viza ni dalili kwamba hewa imekwisha huko chini na uozo umeanza. Visubi vyeusi vinavyoruka ukitikisa chungu pia huashiria udongo usiokauka.

Ukishajua kwamba tatizo ni maji, hamisha mmea uende penye joto na hewa inayotembea. Kibaraza chenye kivuli kinafaa kuliko mahali pengine popote, au chumba kisicho na kiyoyozi, karibu na dirisha linaloingiza mwanga bila jua kali. Nasisitiza kivuli, maana nimeona watu wakiutoa mmea ofisini adhuhuri na kuuanika juani ili ukauke haraka. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyahudumia majani katika jua la namna hiyo, na jioni majani huwa yameungua. Utoe jioni, jua likishapungua. Angalia pia ndani ya kile chombo cha pambo cha nje, kwa sababu mara nyingi humo ndimo maji yalimotuama bila mtu kuyaona. Uinamishe mmea ubavu kwa muda ili yaliyobaki yachuruzike. Kama udongo umelowa sana lakini haunuki, toa bonge zima la udongo na mizizi bila kulivunja, livingirishe katika magazeti makuukuu, uyabadilishe yanapolowa, kisha ulirudishe chunguni.

Penye harufu ya uozo hakuna budi kuikagua mizizi. Ioshe kwa maji ya kawaida na uipapase mmoja mmoja. Mzizi mzima ni mgumu, aghalabu mweupe au wa rangi ya krimu. Uliooza ni wa kahawia au mweusi, na ukiuvuta kwa vidole ganda lake huteleza likatoka, kukabaki uzi mwembamba tu katikati. Kata yote ya namna hiyo kwa wembe uliopanguswa kwa spiriti, hadi ufikie sehemu ngumu. Usione uchungu kukata mingi, ila upunguze na majani kwa kadiri hiyo hiyo, kwani mizizi michache haiwezi kulisha kichaka kizima. Kisha panda katika chungu kinachotosha mizizi iliyobaki tu. Chungu kikubwa huwa na udongo mwingi usio na mizizi ya kuunyonya, na hapo maji hutuama upya.

Kuhusu udongo, ile desturi ya kutandika kokoto chini ya chungu ili maji yatoke siiungi mkono. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye mawe makubwa. Hukwama juu ya mawe, na hivyo tope husogezwa karibu zaidi na mizizi. Ni afadhali kuchanganya vitu vya chengachenga ndani ya udongo wenyewe, kama vile vipande vya makaa vilivyopondwa na mchanga mnene wa mtoni. Makumbi ya nazi yanafaa yakiwa yamekatwakatwa vipande, lakini usichukue yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba, kwa kuwa yamejaa chumvi. Kwa sababu hiyo hiyo naogopa maji ya visima vingi vya kisiwani, ambayo huacha ukoko mweupe ukingoni mwa chungu na kuchoma ncha za mizizi ambayo tayari ni dhaifu.

Kwa maofisi ambako kiyoyozi hakizimwi, la muhimu zaidi ni kumteua mtu mmoja wa kumwagilia. Katibu akimwagilia, mfanyakazi wa usafi naye akamwagilia, na mgeni akamimina maji ya barafu yaliyobaki katika gilasi yake, mmea hauna pa kupumulia. Inua chungu juu ya kigoda, kwa sababu hewa baridi hushuka sakafuni na vigae huipitisha hadi kwenye mizizi, na usikiweke kamwe mbele ya tundu la kiyoyozi. Chagua pia mimea inayovumilia kusahauliwa. Zamioculcas, ile ya vijani vinene vinavyong'aa, ambayo ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, pwani yetu ikiwemo, huhifadhi maji katika mabonge yake ya chini, na katika ofisi ya baridi naimwagilia mara moja kwa mwezi tu. Sansevieria, ile ya majani marefu magumu yaliyosimama kama panga, ni vivyo hivyo. Mabonge ya Zamioculcas yakilainika yote, jani moja zima likichomekwa katika mchanga usiolowa sana huweza kutoa mche mpya, ingawa huchukua miezi.

Wakati wote wa kuuguza usitie mbolea, kwani chumvi zake huzidi kuumiza mizizi isiyoweza kuzitumia. Majani yaliyokwisha kuwa ya njano hayatarudi kuwa ya kijani, basi usiyahesabu. Tazama kitovu cha mmea panapochipuka. Jani jipya likishafunguka lote na likasimama imara, mmea unaweza kurudi ofisini, kwanza kwa saa chache za mchana, na kila jioni uuchunguze kwa kijiti kabla ya kugusa maji.