Barua za kuomba mchango: sadaka ni yako, usisukumwe

Sisi tuliohamia Uingereza tunaiheshimu barua. Ikija na jina lako huitupi, maana huenda ni ya hospitali, ya halmashauri au ya uhamiaji. Heshima hiyo ndiyo inayowaponza wazee wetu.

Shangazi yangu hapa Leicester alikuwa akizichanganya barua za mashirika ya hisani na bili za gesi, kisha anazilipa kwa zamu. Bahasha zilikuja na kalamu, kadi, vibandiko vyenye jina na anwani yake, na picha ya mtoto mgonjwa. Nikimkataza, ananijibu: "Mwanangu, mtu kanipa kitu, nimnyamazie?" Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na wanaotuma kalamu hizo wanajua fika kwamba aliyepewa huona deni. Deni hilo halipo. Kwa sheria ya hapa, kitu ulicholetewa bila kukiagiza ni chako. Andikia kalamu yao na usitume hata senti.

Tena kila alipotuma pauni tano, bahasha ziliongezeka, kwa sababu anayejibu ndiye anayeandikiwa zaidi. Majina yalikuwa yakiuzwa na kupeanwa. Mwaka 2015 alifariki Olive Cooke wa Bristol, bibi wa miaka 92 aliyejitolea maisha yake yote kuchangisha kwa maua ya poppy, yale mekundu ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Uchunguzi ulikuta mashirika 99 yana taarifa zake, na barua alizopelekewa kwa mwaka mmoja zilikadiriwa kuwa 466. Familia yake ilisema wazi kwamba mashirika hayakusababisha kifo chake, lakini watu walikasirika, na haki yao. Mwaka 2016 kikaundwa chombo cha kuwasimamia wachangishaji, Fundraising Regulator.

Chombo hicho ndicho chenye huduma iliyotusaidia, Fundraising Preference Service. Ni bure. Unalitaja shirika, nalo linaagizwa liache kukuandikia. Unaweza kumfanyia mzazi au jirani asiyekijua Kiingereza vizuri. Shika bahasha mkononi: andika jina la mwandikiwa kama lilivyochapwa pale, hata kama limekosewa, na utafute namba ya usajili ya shirika, iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya barua. Usishtuke barua zikiendelea kuja kwa wiki kadhaa. Hizo zilikwisha chapishwa.

Vipeperushi visivyo na jina, vya piza na mazulia, vikiletwa na shirika la posta, Royal Mail, vina njia yake: jaza fomu yao ya kukataa. Inadumu miaka miwili, halafu unajaza tena.

Mlangoni ndipo pagumu zaidi, kwa sababu kumfungia mtu mlango usoni tunaona ni utovu wa adabu. Bandika kibandiko cha "No Cold Calling", yaani usibishe bila kualikwa. Kanuni za uchangishaji zinawakataza wachangishaji kubisha mlango wenye maneno hayo. Akibisha hata hivyo, sema "sitoi mlangoni" na usieleze sababu, kwani kila sababu ameshafundishwa jibu lake. Namba ya akaunti ya benki usimpe kabisa, hata awe na kitambulisho. Kama ulishampa na makato ya kila mwezi yameanza, yafute kupitia benki yako mwenyewe, leo hii. Huhitaji ruhusa ya shirika.